Mnyororo wa Ukurasa wa Tisa

Tarehe 4 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia na ile dawa ya kuchua hujaiacha njiani kama kawaida yako. Mimi mzima, ila miguu inawaka kwa kusimama. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu unasikia nusu, na nusu nyingine unajazia mwenyewe. Mara ya mwisho nilikuambia nimepata chumba, ukawatangazia majirani nimepata mchumba.

Mwaka wa pili wa uzamili umeanza. Ukiulizwa tena nasomea nini, sema biashara na uongozi wa sanaa. Usiseme "anasomea ngoma". Muhula huu ni mafunzo kwa vitendo, na nimepangiwa ukumbi wa maonyesho, miezi mitano. Una viti mia nne kumi na mbili vya kitambaa chekundu, kumi na moja vimevunjika. Kazi yangu ni usimamizi wa ukumbi: nani anaingia, anakaa wapi, anatoka saa ngapi. Mkurugenzi ni mtu wa tai na kicheko kikubwa. Karani wa tiketi ni mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Ananiita Profesa kwa kunitania.

Sasa habari yenyewe. Jumamosi moja nilihesabu watu. Watazamaji walikuwa mia tatu na wawili, tiketi zilizochanwa ni mia mbili sitini na nne. Thelathini na wanane waliingia bure kwa milango ya pembeni. Nikaandika insha ya kurasa kumi na nne. Ukurasa wa tisa nikapendekeza kwamba watu waingie kwa mlango mmoja tu, na milango ya pembeni ifungwe wakati wa onyesho. Nimepata tisini na moja kwa mia, Baba. Mkurugenzi ameisoma na ameanza kuitekeleza wiki hii hii.

Wewe uliyechana tiketi ujanani ndiye utakayeelewa. Nilipokuwa nahesabu nilikukumbuka ulivyokuwa ukitutia aibu: kwenye mkutano wa shule, kwenye harusi ya dada, hukai mpaka umesukuma kila mlango kwa mkono kama fundi aliyekuja kuutengeneza.

Nisalimie wote.

Mwanao,
Kitinda mimba

—

Tarehe 13 Machi

Kitinda wangu,

Marahaba. Goti liko palepale, dawa ipo dirishani. Dada zako wazima. Fundi saa wa jirani anakusalimu, anauliza ukimaliza utakuwa unamwongoza nani, waimbaji au wacheza sarakasi. Nimemwambia utamwongoza yeye ajifunze kurudisha saa za watu kwa wakati.

Hongera kwa tisini na moja.

Nijibu haya kabla ya mengine yote. Milango ya pembeni imefungwa kwa kitu gani? Ni komeo, au ni kufuli? Inafungukia ndani au nje? Ufunguo anakaa nao nani, na wakati wa onyesho huyo mtu anakuwa wapi?

Usikisie. Nenda ukaangalie kwa macho yako.

Baba yako

—

Tarehe 22 Machi

Baba,

Shikamoo. Huku wazima. Barua yako nilimsomea karani wa tiketi tukacheka, akasema, "Huyo mzee wako alikuwa askari?" Kisha tukaenda kuangalia na kicheko kikaisha.

Milango ya pembeni ni miwili, wa kushoto na wa kulia. Yote inafungukia nje. Kila mmoja umepitishwa mnyororo mpya kwenye vishikio, mizunguko mitatu, na kufuli la ukubwa wa ngumi. Funguo ziko kwenye droo ya Mkurugenzi, na droo yenyewe ina ufunguo. Wakati wa onyesho yeye hukaa mstari wa mbele na wageni wake. Mlango mkuu una mabawa mawili, lakini bawa moja limekomewa ili watu wapite mmoja mmoja mbele ya mchanaji tiketi. Kwa hiyo ukumbi mzima unatoka kwa bawa moja.

Nilimwendea ofisini. Nikamwambia mimi niliandika "ifungwe" nikiwa na maana ya kuweka mtu pale, asiingie asiye na tiketi. Akafungua insha yangu, ameipigia mstari kwa kalamu nyekundu. "Ukurasa wa tisa, binti. Soma mwenyewe. Kuna mtu hapo?" Nikasoma. Hapakuwa na mtu. Niliandika "ifungwe", nikaweka nukta.

Kuna jingine. Tarehe 17 Mei, Jumamosi saa nane mchana, ni fainali ya kwaya za shule. Tiketi zilizochapishwa ni mia sita. Waliozidi watakaa kwenye mikeka, kwenye njia za katikati ya viti. Wengi ni watoto na mama zao. Kabla ya hapo kuna fomu ya usalama ya kusainiwa na msimamizi wa ukumbi, na msimamizi wa ukumbi muhula huu ni mimi.

Baba, sijawahi kuogopa karatasi. Hii naiogopa.

Mwanao,
Kitinda

—

Tarehe 27 Machi

Mwanangu,

Sisi wazima. Sikiliza.

Usisaini.

Omba ufunguo uwe mikononi mwako kila onyesho. Akikataa, omba awekwe mtu kila mlango, mwenye ufunguo shingoni, asiyeruhusiwa kutumwa popote. Asitumwe hata maji ya kunywa ya mgeni. Akikataa na hilo, usisaini.

Onyesho lijalo pima ukumbi unachukua muda gani kutoka. Tumia saa. Anza mtu wa kwanza anaposimama, ishia wa mwisho anapokanyaga nje.

Baba yako

—

Tarehe 16 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukawia. Afya si mbaya.

Nimepima. Watu mia mbili themanini na sita, bawa moja, dakika sita na sekunde kumi. Walikuwa wanatembea taratibu, wanacheka, wengine wamesimama kusalimiana. Taa zilikuwa zinawaka. Hesabu ya mia sita unaweza kuifanya mwenyewe, na uweke mikeka njiani, na utoe kicheko.

Niliomba ufunguo. Mkurugenzi akasema, "Ufunguo nikimpa mwanafunzi, kesho nitampa na kiti changu." Niliomba watu wawili wa milangoni. Akasema hao wawili ndio mshahara niliomwokolea, imo ukurasa wa kumi na moja. Ni kweli, imo.

Kisha akafunga mlango wa ofisi na akawa mpole. Akanikumbusha kwamba ripoti yangu ya mafunzo anaiandika yeye, na bila ripoti chuo hakinipi shahada. Hakunitisha, Baba. Alisema kama mtu anayekukumbusha mwavuli. Alikuwa amenishikia kalamu tayari.

Nimesaini. Fomu inasema milango yote mitatu inafunguka wakati wote wa onyesho. Mkaguzi wa usalama alipokuja minyororo ilikuwa imetolewa, alipoondoka ikarudishwa. Mkaguzi hakukaa hata muda wa kumaliza soda.

Tangu siku hiyo, kila nikiingia ukumbini natazama kwanza mlango wa kushoto, ambao uko karibu na viti vya watoto. Ule mnyororo unang'aa. Usinikasirikie.

Kitinda

—

Tarehe 29 Aprili

Baba,

Shikamoo. Mbona kimya? Siku kumi na tatu. Nimempigia fundi saa, anasema uko salama, unakaa mezani unaandika na kuchana. Unachana nini?

Nitukane basi, ila niandikie. Zimebaki siku kumi na nane.

Mwanao

—

Tarehe 2 Mei

Kitinda wangu,

Sijakukasirikia. Nimekuwa nikiandika barua hii tangu yako ifike. Mara tano nimeichana. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilificha na nikazaa, na matokeo yake ndiyo haya, mwanangu amesaini karatasi ambayo ningeweza kumzuia kama ningesema mapema.

Mlijua kwamba sikio langu la kushoto liliharibika kwa homa ya utotoni. Si kweli. Dada zako waliambiwa kwamba mwaka mmoja, wakiwa wadogo, nilikwenda kufanya kazi mbali, miezi minane. Si kweli pia. Mama yako alijua, akanyamaza kwa kuwa nilimwomba.

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, mchanaji tiketi na mshika funguo wa ukumbi wa sinema. Mlango wa nyuma ulifungwa kwa kufuli kwa sababu ile ile uliyoandika wewe: watu waliingia bure. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Filamu ilikuwa katikati. Meneja akanituma nje kumletea mgeni wake sigara. Duka lilikuwa hatua mia na ishirini. Nimezihesabu baadaye.

Taa moja ya ukutani ilipasuka ikatoa moshi. Haukuwa moto. Mtu mmoja alisema "moto", wakasimama wote. Mlango mkuu ukaziba watu. Waliobaki wakakimbilia mlango wa nyuma.

Nilirudi nikasikia kabla sijaona. Nikazunguka nyuma, nikafungua kufuli. Kufuli lilifunguka mara moja. Lakini mlango ule ulifungukia ndani, na ndani kulikuwa na watu wameulalia. Nikaweka sikio kwenye ubao niwaambie warudi nyuma hatua mbili. Hatua mbili tu nilizihitaji. Walikuwa wananisikia, na mimi nawasikia, kuna mama alikuwa ananiita "kaka". Hawakuweza kurudi. Kisha ubao wa juu ukapasuka ukanipiga sikio hili.

Walikufa wanne. Yule mama alikuwa mmoja wao.

Kwenye uchunguzi meneja alitoa karatasi inayosema mshika funguo hatoki mlangoni kwake kwa sababu yoyote. Chini palikuwa na sahihi yangu. Niliisaini siku ya kwanza kazini bila kuisoma. Nikafungwa miezi minane. Yeye alihamishiwa ukumbi mkubwa zaidi.

Ndiyo maana nasukuma milango.

Sasa fanya hivi. Andika barua ya kufuta sahihi yako. Taja minyororo, makufuli, droo, bawa lililokomewa, idadi ya tiketi na zile dakika sita. Tengeneza nakala tatu: ya Mkurugenzi, ya chuo, ya zimamoto. Peleka kwa mkono, kila nakala igongwe muhuri wa kupokelewa, na wewe ubaki na yako yenye mihuri yote. Usiongeze neno la hasira. Weka vipimo tu.

Ndani ya bahasha kuna ule ufunguo. Ukumbi wenyewe ulibomolewa, kwa hiyo haufungui chochote. Nimekaa nao miaka arobaini na moja na sitaki kuendelea kukaa nao peke yangu.

Baba yako

—

Tarehe 10 Mei

Baba,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nimesimama kwenye foleni ya posta, kisha nikatoka kwenye foleni. Nikija nitakaa upande wako wa kulia na tutazungumza.

Barua nimeandika, kurasa mbili. Karani wa tiketi aligonga muhuri wa ukumbi, akasema, "Profesa, unajichimbia kaburi." Nikamwambia afadhali langu peke yangu. Akaacha kucheka, akagonga muhuri mara ya pili, wa kwanza ulikuwa hafifu.

Mwalimu wangu chuoni aliisoma akavua miwani. "Hoja yako ni nzuri. Lakini subiri onyesho lipite, tuliongee kitaaluma." Nikamwuliza kama mia sita nao wasubiri kitaaluma. Akaniambia nisiwe mkali. Zimamoto walipokea vizuri, wakaandika kwenye daftari, wakasema mkaguzi atakuja Jumatatu tarehe 19. Nikasema onyesho ni Jumamosi. Wakasema ndiyo, wanaelewa, Jumatatu.

Mkurugenzi ameniondoa. Alinyoosha mkono nimpe kitambulisho cha ukumbi. Akasema, "Ulinifundisha kufunga milango, sasa unataka kunishtaki kwa kuwa mwanafunzi mzuri?" Wasaidizi wake walicheka. Alipoona sicheki akaniambia nikionekana ukumbini ataita polisi.

Naogopa, Baba. Namwogopa yeye kidogo. Kikubwa naogopa kwamba Jumamosi saa nane mchana nitakuwa chumbani nimekaa kitandani, na barua yangu yenye mihuri mitatu iko mezani, imekamilika, na mimi sina kosa.

Kwa hiyo nimenunua tiketi. Karani amenipa kiti cha pembeni, mstari wa tatu, kushoto. Kutoka kitini hadi mlangoni ni hatua nne. Kwenye duka la vifaa vya ujenzi nimenunua mkasi wa kukatia chuma. Nikiuweka kwenye mkoba, mpini unatokeza, nitaufunika kwa mtandio. Nilijaribu kwenye kipande cha mnyororo dukani. Ulikata mara ya tatu. Muuzaji akauliza, "Dada, unafungua ghala au unafungua ndoa?"

Nitakuandikia Jumapili.

Kitinda

—

Tarehe 14 Mei

Mwanangu,

Barua yako imefika leo asubuhi. Hii ninayoandika itakufika Jumatatu, wakati kila kitu kimekwisha. Naijua hiyo hesabu. Naandika kwa sababu siwezi kukaa na mikono mitupu. Nimemwambia fundi saa akupigie: namba inaita, hupokei. Labda uko darasani.

Kama ningekuwa hapo ningekuambia hivi. Kata kabla halijatokea lolote. Usingoje ishara. Ishara ikija umechelewa. Na ukishafungua, wewe usitoke. Simama kando, nje kidogo ya njia, uongee kwa sauti ya kawaida. Watu wakisikia mtu anaongea kawaida hupunguza mwendo.

Basi la kuja huko ni la kesho kutwa, na goti halipandi ngazi za basi. Nimejaribu leo kwenye ngazi za nyumba. Dada yako amenikuta nimekaa katikati ya ngazi, akaniuliza nafanya nini. Nikamwambia napumzika.

Baba

—

Tarehe 20 Mei

Kitinda,

Ni Jumanne. Posta hakuna kitu. Simu yako jana ilikuwa inaita, leo haiiti kabisa. Fundi saa ameacha mzaha, anakuja kila saa kuuliza.

Redio haijatangaza ajali yoyote. Dada zako wanasema hiyo ni habari njema. Mimi najua kwamba wakati ule redio ilikaa siku mbili bila kusema.

Mwanangu, andika hata mstari mmoja. Andika hata jina lako tu.

Baba

—

Tarehe 20 Mei

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, sina hata mkwaruzo. Nimeanza na hilo kwa sababu nakujua utaruka mistari kulitafuta.

Sikuweza kuandika Jumapili kwa kuwa nilikuwa mahabusu, kosa la kuharibu mali ya ukumbi. Nimetoka jana jioni. Mwalimu wangu ndiye aliyenidhamini, yule wa kitaaluma. Njia nzima alinibebea mkoba. Simu yangu bado iko kituoni pamoja na mkasi. Ufunguo wako wamenirudishia. Askari wa zamu aliuandikisha, akauliza unafungua nini. Nikasema haufungui chochote. Akaandika hivyo hivyo: "Ufunguo mmoja, haufungui chochote."

Jumamosi ilikuwa hivi. Niliingia katikati ya akina mama wa wanakwaya, nikakaa. Ukumbi ulijaa mpaka watoto wakapakatana. Kwaya ya kwanza ilipoimba nilitoa mkasi, nikashindwa kusimama. Nikakaa hivyo kwaya ya kwanza nzima na nusu ya pili, mkasi magotini, nikiutazama mnyororo.

Kisha nikamwona karani wa tiketi anatembea kando ya ukuta, anapita juu ya miguu ya watu. Alipofika mlango wa kushoto akageuka akasimama, akatandaza khanga yake kama anayejifunga upya, akawa pazia. Hakunitazama. Nikazipiga zile hatua nne. Nilikata mara ya tatu, kama dukani. Mnyororo niliushusha mkononi taratibu, kipingili baada ya kipingili, usipige sakafu. Wa kulia sikuufikia.

Kwaya ya tatu umeme ukakatika.

Giza lilikuwa zito. Kwanza watu wakasema "aah", kama kawaida. Kisha nikasikia viti vinavyojikunja vinarudi juu, pa, pa, pa, vingi kwa pamoja, na mwanamke mmoja nyuma akaanza kuita jina la mtoto wake, na wengine wakaanza kuita ya kwao. Nikajua hiyo sauti. Sijawahi kuisikia, lakini wewe ulikuwa umeniandikia.

Nikausukuma mlango.

Baba, ilikuwa saa tisa kasoro mchana. Jua lote la nje likaingia. Likapita mstari wa tatu, likapita mikeka, likafika mpaka jukwaani kwenye viatu vya watoto. Watu waliokuwa wamesimama wakageuka, wakaona mlango uko wazi, wakawaona na wenzao. Nikasema kwa sauti ya kawaida, "Hakuna kitu, umeme umekatika tu, mlango uko wazi." Nikarudia. Sauti yangu niliiona ya mtu mwingine. Wachache walitoka wakipunga hewa. Wengine wakakaa. Mwalimu wa kwaya akawaambia watoto waendelee, wakaimba kwa mwanga wa mlangoni.

Mkurugenzi alinifikia mwishoni mwa wimbo, na walinzi wawili. Aliniambia ripoti yangu nisiitarajie, na ameshaandika chuoni. Kikao ni Alhamisi ijayo. Mwalimu anasema huenda nikarudia mwaka, huenda nikafukuzwa. Hakuniahidi kitu na sikumwomba. Kesi ya mnyororo ni mwezi ujao. Karani amesimamishwa kazi. Zimamoto walikuja jana Jumatatu kama walivyosema, wakaukuta mnyororo wa kulia uko palepale, wameufungia ukumbi. Bado naogopa, ila sasa naogopa mambo yenye tarehe.

Jambo la mwisho, kwa kuwa wewe ni mchanaji tiketi. Nilisimama kando ya ule mlango dakika kama ishirini, kabla polisi hawajaja kunichukua. Waliingia watu kumi na tisa bila tiketi. Niliwahesabu. Wa kumi na tisa alikuwa bibi mmoja ameshika kiti chake kidogo cha kukunja. Akachungulia, akaniuliza, "Mwanangu, hapa ni bure?"

Nikamwambia, "Ingia, bibi. Ila usikae mlangoni."

Mwanao,
Kitinda mimba